Shajara ya Mama Samansi

Jumatatu, 13 Mei 2024

Keshokutwa Ziwa Tanganyika linafungwa. Kuanzia tarehe 15 mwezi huu mpaka 15 Agosti hakuna kuvua, sisi na majirani wa ng'ambo, ili samaki wazaliane. Hapa Kigoma, sokoni Mwanga, watu wanapiga hesabu ya bei ya dagaa. Mimi, msambazaji wa wito wa mahakama, napiga hesabu ya wadaiwa. Mvuvi asiye na kazi hakai ufukweni kunisubiri: mmoja atapanda Kasulu kulima, mwingine atarudi kwao Kalya, na mwenye ndugu Kalemie, Kongo, ndiyo basi tena. Kule sina mamlaka ya kumgusa mtu. Hati ya mtu aliye nje ya nchi ina njia zake, wala haipitii kwenye mkoba wangu.

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa ameshazipanga hati mezani kwa tarehe za kutajwa mashauri, kama alivyofundishwa chuoni Lushoto. Nikazichanganya nikazipanga upya kwa mahali. Akanitazama kama nimemchezea akili. Nikamwambia, mwanangu, hati ya Mwanga ya wiki ijayo naimaliza kwa bajaji kabla ya adhuhuri. Hati ya Buhingu ya mwezi wa saba ndiyo ya haraka, maana inangoja boti, boti inangoja abiria, na abiria wanangoja upepo wa kusini utulie.

Siku za kawaida ningetazama na mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikua wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala makwao, na mke akiniambia wakati huo kwamba mumewe yuko ziwani, namtazama mara ya pili. Wakati wa giza hakuna maana ya kwenda Katonga saa mbili asubuhi: wametoka ziwani alfajiri, wameuza, wamelala fofofo, na mtu aliyeamshwa usingizini kupewa samansi hana lugha nzuri. Nenda saa kumi na moja jioni wanapoandaa taa. Hapo yupo kila mtu, na yupo macho.

Sasa kalenda hiyo nayo imefungwa miezi mitatu.

Jumanne, 14 Mei

Kibirizi. Nilijua maji yamepanda, sote tunajua, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Nyumba ya mdaiwa imo ziwani. Alama ya maji iko juu kidogo ya kizingiti, ukuta umeanza kumeguka pembeni, na mlango wa mbao wa rangi ya buluu umefungwa kufuli kana kwamba kuna mwizi atakayeogelea kuja kuiba. Kitoto kilikuwa kinasukuma mtumbwi kati ya nyumba na nyumba kwa ufito.

Kijana akakunja suruali. Mkononi ana hati, mfukoni ana gundi ya karatasi. Anataka kuvuka akabandike mlangoni, apige picha, tuondoke. Nikamzuia.

Amri ya Tano ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu kubandika, hilo ni kweli. Mdaiwa akikataa kupokea, au akitafutwa kwa bidii asipatikane na hakuna wa kupokea kwa niaba yake, nakala inabandikwa kwenye mlango wa nje au mahali pengine pa wazi pa nyumba anamoishi au anamofanyia kazi. Kijana aliisoma sheria yote ila neno moja: anamoishi. Mle ndani hakuna anayeishi isipokuwa maji. Na je, tumemtafuta kwa bidii gani? Tumeshuka bodaboda dakika tano zilizopita.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ana daftari la kaya zilizohama, kaliandika kwa ajili ya misaada, nadhani, lakini kwangu ni dhahabu. Mdaiwa yumo: amehamia kwa kaka yake, Gungu. Tukaenda Gungu. Mke yupo, mume katoka, anarudi magharibi. Mke ni mtu mzima, anaishi naye, na mume asipopatikana angeweza kupokea. Lakini mtu ambaye umeambiwa atarudi magharibi huwezi kuapa kwamba hapatikani. Tukangoja. Tulipewa uji. Kijana alikuwa na njaa, nikamwambia anywe, uji wa mgeni si rushwa. Ila angetufungia dagaa wa kupeleka nyumbani, hao tungeacha.

Mdaiwa alirudi, akala, tukamwacha amalize kula. Akasoma, akauliza tarehe, akatia saini. Basi.

Njiani kijana ananiambia tumepoteza siku nzima kwa kitu cha dakika kumi. Nikamwuliza karatasi ile ingekaa mlangoni usiku mmoja? Kesho ingekuwa imefika Kongo. Na kiapo chetu kingekuwa cha kweli kwa kila neno na cha uongo kwa jumla.

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya viapo. Watu wanadhani kazi yetu ni miguu. Miguu ni nusu, na nusu hiyo anaweza hata mwenye bodaboda. Nusu ya pili ni karatasi tunayorudisha mahakamani, kwa sababu hakimu hakuwepo Gungu. Hakimu anajua kile tu tulichoandika.

Kijana kaandika: "Nilifika nyumbani kwa mdaiwa na kumkabidhi wito akaupokea." Sentensi safi, haina kosa la sarufi, na haina thamani yoyote. Nikamwambia ajifanye ni wakili wa mdaiwa, aiulize maswali. Akaanza mwenyewe: lini? Saa ngapi? Nyumbani wapi, maana ana nyumba mbili, moja ndani ya maji? Nani alikuonyesha kwamba huyu ndiye? Mlikuwa na nani? Alisema nini? Kwa nini hukumkuta kule kwenye anwani ya hati? Alipomaliza alikuwa na aya nane.

Tatizo lake jingine, na si lake peke yake, ni kuchanganya alichokiona na alichoambiwa. Anaandika "mdaiwa alihama Kibirizi mwezi wa nne." Wewe ulikuwepo akihama? Uliambiwa na mwenyekiti wa mtaa. Basi andika umeambiwa na mwenyekiti, na kwamba unaamini ni kweli. Kuna shauri la Uganda, la Matovu, lipo kwenye ripoti za Afrika Mashariki za 1966, mawakili wetu hawachoki kulitaja: hati ya kiapo ibebe mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, au aseme ameyapata wapi. Haitakiwi hoja, haitakiwi sala, haitakiwi maoni. Kijana alikuwa ameandika kwamba mdaiwa "alionekana mtu wa kukwepa." Nimelifuta.

Halafu kwa kamishna wa viapo. Sheria inamtaka aandike mahali na tarehe kiapo kilipoapwa, na hati nyingi nzuri zimetupwa kwa sababu ya nafasi hiyo ndogo mwishoni kuachwa wazi. Wapo wanaopelekewa rundo na tarishi, wanagonga mihuri mmoja baada ya mwingine huku wanaongea na simu, na aliyeapa yuko Uvinza. Mimi naenda mwenyewe, nasimama mbele yake, nangoja aandike "Kigoma" na tarehe, ndipo natoka. Wananiona msumbufu. Sawa.

Jumamosi, 18 Mei

Ujiji. Watoto wa Kasingirima wakiniona wanapiga kelele "Mama Samansi huyo!" na mtaa mzima unajua. Zamani lilinikera. Sasa naona lina faida: asiye na kesi anatoka kunisalimia, na mlango unaofungwa ghafla unajitaja wenyewe.

Shida ya Ujiji ni majina. Hati inasema mdaiwa ni Ramadhani Juma wa Kitongoni. Kitongoni! Ukisimama baraza yoyote pale ukaita Ramadhani Juma wataitika vijana, wazee na mtoto wa madrasa. Na huyo unayemtafuta pengine hajulikani kwa jina hilo hata kidogo. Anaitwa kwa jina la chombo chake, au Baba fulani, au kwa jina alilokuja nalo babu yake kutoka Manyema. Kabla hati haijatoka masijala mpigie mdai umwulize: jina la tatu, jina la utani, anafanya kazi gani, msikiti gani au kanisa gani, jirani yake ni nani. Mdai anamjua mdaiwa wake vizuri kuliko mtu yeyote, ila hakuna aliyemwuliza. Wakili aliandika jina kama lilivyo kwenye hati ya mkopo akaona kamaliza.

Na mdai usiende naye. Atataka kuja, atataka hata kulipa bajaji. Mwache nyumbani. Akusimulie kwa simu au akuchoree ramani, kisha umpate mtu wa mtaa huo asiye na chake katika kesi akuonyeshe, na jina la huyo ndilo linaloingia kwenye kiapo.

Leo tulipita karibu na mnara wa Livingstone, kijana akataka kujua Stanley alimpataje mtu Ujiji mwaka 1871 bila namba ya simu. Nimelifikiria jambo hilo jioni hii na naona yule bwana alifanya kazi nzuri ya usambazaji. Aliingia mjini, akakutana na Susi, kisha Chuma, na hao wakajitambulisha kuwa watumishi wa daktari. Ana waonyeshaji wawili, ana majina yao, ana mahali, na mtu mwenyewe kasimama mbele ya umati wa mashahidi. Sasa na yote hayo mkononi anakwenda kusema eti "nadhani" wewe ndiye! Hakimu angemrudisha. Ila angalau hakumwachia Susi karatasi: sheria yetu inasema mtumishi si mtu wa familia, anaweza kukuonyesha bwana wake lakini hawezi kumpokelea wito. Wasichana wa kazi wa Lumumba Road wananipokelea mikono miwili kila siku, na kila siku nawaambia hapana mwanangu, mwite mama.

Jumatano, 22 Mei

Tumerudi alfajiri kutoka Mwamgongo. Boti za kaskazini zinaondoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi mapema, kwa hiyo huendi ukarudi siku hiyo hiyo. Asiyelijua hilo anamwahidi wakili jibu la jioni.

Hati zinasafiri kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza. Mkoba wa ngozi ni wa mjini. Mwamgongo hakuna gati, unashuka majini mpaka magotini, na wimbi moja linatosha kugeuza hati ya madai kuwa ugali. Ndani ya ndoo: nakala mbili za kila hati, kalamu mbili, pedi ya wino kwa wanaoweka dole gumba, daftari, kitambaa cha kufutia vidole. Mtu ukimwachia wino kidoleni anakukumbuka vibaya. Jaketi la kuokolea ni langu mwenyewe, sitegemei ya boti. Ndoo nimeishika mapajani njia nzima tukipita Gombe.

Kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Wapo wanaompelekea mtendaji hati wakamwachia ampe mtu wake "akipita." Mtendaji ana kazi zake, na mdaiwa pengine ni shemeji yake. Nilichomwomba ni kunionyesha na kushuhudia.

Mdaiwa ni mzee mwenye duka. Kijana akamwamkia kwa Kiha, na uso ukafunguka kidogo. Hapo mimi wa Ujiji nilinyamaza, nikamwachia kijana nafasi. Mzee akasoma, akarudisha. "Sitii saini." Kijana akanitazama, najua anachofikiri: amekataa, tunabandika, mtendaji shahidi, kazi kwisha. Na ingekuwa halali kabisa.

Nikamwuliza mzee kwa upole, baba, unakataa nini hasa? Akasema, "Nikitia saini nimekubali deni." Hiyo ndiyo hofu ya watu wengi huku, na hakuna anayewajibu. Nikamwambia saini hii haisemi unadaiwa wala hudaiwi. Inasema umepata habari. Nikamwonyesha mstari wenyewe. Nikamwambia kuna siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi tangu anapopokea, na asipofanya hivyo shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Akauliza aandike nini. Hapo nikafunga mdomo. Naruhusiwa kumsomea kilichochapwa. Nikianza kumwambia ajibu nini nimekuwa wakili wake, na kesho nitaulizwa nilikuwa natumwa na nani. Nikamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatakiwi kumtoza hata senti. Akatia saini. Akatuuzia sabuni.

Usiku tulipanga chumba kwa mama mmoja. Kabla ya kuweka mizigo nilimwuliza kama ni ndugu wa mzee wa duka. Akacheka, akasema kijiji kizima ni ndugu wa mzee wa duka. Tukalala hapo hapo, na nimeliandika kwenye daftari la kazi.

Jumatatu, 27 Mei

Simu kutoka ofisi moja ya mawakili, sitaiandika hapa. Shauri lao linatajwa Jumatano, mdaiwa hajapatikana, nami nilishawaambia hivyo wiki iliyopita. Sauti tamu: "Mama, si uandike tu ulimbandikia Ijumaa? Mlango unaujua." Mlango naujua. Ijumaa sikuwepo.

Nilimjibu kwa heshima, maana ni mtoto wa watu na bosi wake ndiye aliyemtuma. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, hilo analijua. Asilolitaka kulisikia ni kwamba hata kama hakuna atakayenifunga, mteja wake ndiye atakayeumia. Atapata hukumu ya upande mmoja, atafurahi, ataanza kukazia hukumu. Mwezi wa tisa mdaiwa atatokea na tiketi ya basi inayoonyesha alikuwa Tabora, hukumu itatenguliwa, na wote wataanza tena pale walipokuwa leo, wakiwa wametumia fedha mara mbili. Mahakama ya Rufani ilishalisema katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts: kusikilizwa ni haki ya Katiba, ibara ya 13(6)(a), wala si adabu tu ya mahakama. Hukumu iliyojengwa juu ya mtu ambaye hakuitwa haina msingi.

Njia ipo na nilimwambia: niape ukweli kwamba nimemtafuta siku hizi, saa hizi, mahali hapa, kwa watu hawa, sikumpata, kisha wakili aombe amri ya wito kwa njia mbadala. Mahakama inaweza kuamuru tangazo gazetini, kubandika kwenye ubao wa mahakama, au namna nyingine itakayoona inafaa. Hiyo "namna nyingine" mawakili wetu hawaitumii. Wanaomba gazeti kwa mazoea. Nani Katonga anasoma ukurasa wa matangazo ya mahakama? Waombe ofisi ya mtaa, waombe viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni, wale wanajua kila chombo kimelala wapi na kila baharia anakula kwa nani.

Akasema atatafuta msambazaji mwingine. Wapo.

Ijumaa, 31 Mei

Kijana kaja na wazo: baada ya sala ya Ijumaa wanaume wote wa Ujiji wanatoka mlango mmoja, tusimame hapo. Kisheria sioni katazo. Lakini mimi sitoi samansi mlango wa msikiti, wala kanisani, wala msibani mpaka matanga yaanuliwe. Mtu uliyemfedhehesha mbele ya wakwe zake hatapokea tena hati yoyote maisha yake, na ndugu zake wote watakuwa hawamjui. Hapa mjini nitaishi na watu hawa miaka mingi kuliko shauri lolote.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nilisimama kizimbani. Shauri la mwaka jana, mkopo. Mdaiwa anaomba hukumu itenguliwe, anasema hakuwahi kupata wito na nyumba iliyobandikwa si yake. Wakili wake kijana, mkali, amejiandaa.

"Mlango ulikuwa wa rangi gani?"

Miezi kumi na zaidi imepita na milango niliyobandika tangu hapo siikumbuki. Nikamwomba hakimu ruhusa nijikumbushe kwenye daftari langu nililoandika siku ile ile. Akaniruhusu. Nikafungua, nikasoma: mlango wa mbao vipande viwili, haukupakwa rangi, cha kushoto kimetiwa kiraka cha bati, saa kumi na dakika ishirini jioni, mwanamke mtu mzima anaanika migebuka upande wa pili wa njia, kasema mwenye nyumba katoka asubuhi, balozi, jina lake hili, kanionyesha nyumba, mara ya kwanza nilikuja tarehe hii, ya pili hii.

Wakili akaomba kuliona daftari. Ni haki yake: ukijikumbushia maandishi mbele ya mahakama, upande wa pili una haki ya kuyaona. Akalipekua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, akitafuta. Kurasa za mbele, kurasa za nyuma. Alisoma nauli zangu zote. Alitafuta tusi, dhihaka, jina la mdai pembeni mwa kiasi cha fedha. Nilimwona kijana kwenye benchi la nyuma akihangaika kwenye kiti, na nilijua kwa nini. Yeye kwenye daftari lake huandika mambo kama "mke mkorofi."

Ndiyo maana kitabu hiki ni kingine na lile ni jingine. La kazini lina saa, mahali, milango na majina ya waonyeshaji, na ningeweza kumkabidhi adui yangu alisome redioni. Humu naweka mawakili wenye sauti tamu.

Kiraka cha bati ndicho kilichomchosha yule wakili. Mteja wake alikiri kiraka kipo, alikipiga mwenyewe. Uamuzi tarehe 25.

Jumatatu, 10 Juni

Hati ya talaka, na maombi ya matunzo ya watoto. Hizi nazibeba mwenyewe, simpi kijana bado. Bahasha imefungwa, sitamki kesi ni ya nini mlangoni, na simkabidhi mke mwenza ampelekee mwenzake hata kama wanaishi ua mmoja na ni mtu mzima wa familia kama sheria inavyotaka. Sheria inaruhusu mengi ambayo mwanamke mwenye akili hayafanyi.

Kijana aliuliza kuhusu picha. Siku hizi kila msambazaji anapiga picha kama ushahidi, na si vibaya: mlango, karatasi iliyobandikwa, namba ya nyumba. Lakini uso wa mtu anayelia na bahasha mkononi, na watoto nyuma yake, huo ni ushahidi wa nini? Na picha ikishakaa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi haina mwenyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sijaona bado msambazaji aliyebanwa nayo. Nimemwambia asiwe wa kwanza.

Ijumaa, 14 Juni

Jumatatu ni Idd, kwa hiyo leo ni leo. Nimefunga hesabu za hati.

Ya Bangwe, mfungwa, imepokelewa kupitia kwa mkuu wa gereza, bila tabu. Gerezani ndiko mahali pekee Kigoma ambako mdaiwa hajahama. Ya kampuni ya mizigo bandarini nimempa katibu wa kampuni baada ya mlinzi, mhasibu na kijana wa stoo kila mmoja kutaka kuipokea. Ya Nyarugusu imekwama: kambini huingii bila kibali, barua niliipeleka mwezi uliopita, jibu halijaja. Nimeapa hivyo hivyo, na nakala ya barua nimeambatisha, ili hakimu aone siku za kuahirisha zinakwenda wapi.

Buhingu anakwenda kijana peke yake baada ya sikukuu, kwa boti ya kutoka Ujiji. Nimempa ndoo. Nimemwambia upepo ukizidi ashuke kijiji cha karibu alale, aniandikie ujumbe saa aliyoshuka na sababu. Hati itaapwa baadaye, yeye mama yake anamtaka mzima. Aulize jina la baba wa mdaiwa kabla ya kutoa karatasi. Aache "mkorofi" nyumbani.

Ile ofisi ya sauti tamu imenirudishia ankara ya Mwamgongo, eti risiti ya boti haikubaliki. Risiti ni kipande cha boksi la sigara: jina la chombo, tarehe, nauli ya watu wawili, sahihi ya nahodha. Nimeiambatisha tena kama ilivyo, juu yake nimeandika kwamba nahodha anapatikana Kibirizi kila siku kabla ya saa sita mchana, na atakayetaka kumhoji naweza kumpelekea wito, kwa malipo.